Daftari la Rafu

FUNDI SAA: Haloo? Nani mwenzangu?

BIBI HALOO: Ni mimi, jirani yako wa dawati. Jina langu halijatokea hapo?

FUNDI SAA: Limetokea.

BIBI HALOO: Sasa unauliza nini, nawe! Habari za tangu Jumatatu?

FUNDI SAA: Salama.

BIBI HALOO: Goti linasemaje?

FUNDI SAA: Lipo.

BIBI HALOO: Na saa yangu ya ukutani je? Mwezi wa pili huu unaniambia kesho, kesho. Mafundi saa nyie ndio hamjui saa kabisa—

FUNDI SAA: Ulikuwa unasemaje?

BIBI HALOO: Ee... haya. Mtandao leo unakwaruza, au ni sauti yako?

FUNDI SAA: Nakusikia vizuri.

BIBI HALOO: Basi nina shida moja, ndogo tu, ndogo kama punje. Lile daftari nililokupa Jumatatu, mwisho wa darasa, tulipobadilishana—

FUNDI SAA: Ninalo.

BIBI HALOO: Silo. Nilikupa silo. Uzee huu jamani! Yote mawili nimeyavalisha karatasi ya kaki, kama mtoto wa darasa la kwanza. Leo nakaa nijizoeze kusoma la kwako, nafungua mkoba, naona daftari langu safi limetulia humo linanitazama. Maana yake ulilonalo wewe ni la rafu.

FUNDI SAA: Ndiyo.

BIBI HALOO: Na la rafu halisomwi na mtu. Mwalimu mwenyewe alituambia siku ya kwanza. Andikeni humo kila mnachokumbuka, msiogope, ni lako na Mungu wako. Halafu unachagua cha kuhamishia kwenye safi. Jirani yako anakusomea la safi mbele ya darasa ili usijipambe. Si ndivyo?

FUNDI SAA: Ndivyo alivyosema.

BIBI HALOO: Kwa hiyo nakuja kulichukua. Nimeshavaa hata kandambili. Nakuletea la safi, zuri hilo, habari za kiwanda cha viberiti, njiti arobaini na nane kila boksi, jinsi tulivyokuwa tukipanga foleni getini, wewe mwenyewe utacheka—

FUNDI SAA: Usije, mama.

BIBI HALOO: Umeniita nani?

FUNDI SAA: Nimesema usije.

BIBI HALOO: Miezi saba unaniita dada. Dada nisaidie kalamu, dada sogea kidogo. Leo nimekuwa mama.

FUNDI SAA: Nimekuheshimu tu.

BIBI HALOO: Heshima ya namna hiyo anapewa mtu usiyemjua. Umelifungua.

FUNDI SAA: Nilidhani nitasoma habari za njiti.

BIBI HALOO: Umefika wapi? Niambie umefika wapi. Kurasa za mwanzo ni upuuzi mtupu, mapishi, namba za simu za wanangu—

FUNDI SAA: Ukurasa wa kumi na nne.

BIBI HALOO: Mungu wangu.

FUNDI SAA: Subiri nivae miwani. "Jumanne, saa nne na nusu, taa ya stoo iliwaka kwenye swichibodi. Nikachomeka waya."

BIBI HALOO: Usisome.

FUNDI SAA: "Alikuwa ni yule kiongozi wa wafanyakazi wa kufungasha. Akaniomba laini ya nje. Nilipompa akasema—"

BIBI HALOO: Nakuomba usisome!

FUNDI SAA: "—akasema, ahsante mdogo wangu."

(Mikwaruzo ya mtandao.)

FUNDI SAA: Ndivyo alivyokuwa. Dunia nzima ilikuwa ndugu zake wadogo. Mdogo wake wa kweli nilikuwa mimi.

BIBI HALOO: Najua.

FUNDI SAA: Ulijua toka lini?

BIBI HALOO: Wiki ya pili ya darasa. Mwalimu alipomuuliza kila mtu kwa nini ameamua kusoma historia ukubwani. Wengine wanasema tumestaafu, tumechoka kukaa na televisheni. Wewe ukasimama ukasema, nataka iandikwe jinsi kaka yangu alivyouzwa kiwandani.

FUNDI SAA: Na wewe ulisema nini siku hiyo?

BIBI HALOO: Nilisema napenda kusikiliza mambo ya zamani.

FUNDI SAA: Ukakaa. Ukanipa pipi ya mnanaa.

BIBI HALOO: Nilikuwa sina kitu kingine mkononi.

FUNDI SAA: Miezi saba, Bibi Haloo. Miezi saba kiwiko kwa kiwiko.

BIBI HALOO: Kila Jumatatu nilikuwa natoka nyumbani nasema leo namwambia. Nafika, wewe umeshanifutia kiti kwa leso yako. Naanzaje? Ndio maana nikaandika. Nilidhani nikiandika nitalala.

FUNDI SAA: Ukalala?

BIBI HALOO: Sikulala.

FUNDI SAA: Nataka kuelewa kitu kimoja. Wewe kazi yako kiwandani ilikuwa kuunganisha simu. Maneno uliyapataje?

BIBI HALOO: Unapounganisha unasikiliza kidogo tu, ujue laini imeshika, halafu unatoka. Mimi sikutoka.

FUNDI SAA: Kwa nini?

BIBI HALOO: Hayo ya zamani, fundi.

FUNDI SAA: Nimeuliza kwa nini.

BIBI HALOO: Nilipenda sauti yake. Basi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kila alipopiga nilikuwa sitoki. Hakujua, wala hakuwahi kuniona usoni, mimi nilikuwa nimefungiwa chumba cha juu na waya zangu. Siku hiyo nikamsikia anawaambia wenzake wa tawi lile lingine, Alhamisi saa mbili kamili mashine zote zisimame.

FUNDI SAA: Na ukapanda kwa meneja.

BIBI HALOO: Sikupanda! Aliniita yeye. Mchana alipitia kitabu cha kumbukumbu za simu, akaona simu ya nje kutoka stoo, dakika tisa. Akaniuliza hivihivi, kama mtu anayeuliza mvua itanyesha, eti walikuwa wanaongea nini muda wote huo? Nikajibu.

FUNDI SAA: Ukajibu.

BIBI HALOO: Ulimi hauna mfupa. Nilizoea kumjibu, bwana. Kila siku ananiuliza, kila siku najibu. Nilipofika mlangoni ndio miguu ikaelewa nilichosema.

FUNDI SAA: Walimchukua Jumatano, getini. Mimi nilikuwa nimempelekea chakula cha jioni.

BIBI HALOO: Jumatano asubuhi nilipiga stoo. Wallahi nilipiga. Nimwonye. Simu ikaita, ikapokewa na Karani wa stoo. Nikasikia haloo yake.

FUNDI SAA: Ukamwambia nini?

BIBI HALOO: Nikachomoa waya.

(Daftari linafungwa.)

BIBI HALOO: Fundi? Nitukane. Nitukane tu, mimi ni mtu mzima, nimelikoroga nitalinywa. Kaka yako alirudi baada ya miaka mitatu akiwa mifupa na kikohozi, najua, nilimwona sokoni nikajificha nyuma ya magunia. Nitukane kwa ajili yake.

FUNDI SAA: Kaka yangu nimeshamlilia. Miaka arobaini namlilia, machozi yake yamekwisha.

BIBI HALOO: Sasa—

FUNDI SAA: Kabla hajafa alisema neno moja. "Stooni tulikuwa wawili tu, mimi na Karani." Hakusema Karani kanisaliti. Alisema walikuwa wawili. Yaliyobaki nilijazia mwenyewe.

BIBI HALOO: Oh.

FUNDI SAA: Umeelewa sasa.

BIBI HALOO: Lakini wewe hukumfanya kitu Karani. Hukumpiga, hukum—

FUNDI SAA: Nilimwambia kila mtu. Kila aliyeleta saa kwenye kibanda changu aliondoka na hiyo habari. Mtaa ukaacha kumsalimia. Alipokufa, mwaka juzi, siku ya maziko nilifungua kibanda mapema, makusudi kabisa, wapite na jeneza waone nipo nafanya kazi.

BIBI HALOO: Usijitese, fundi—

FUNDI SAA: Wakapita. Watu tisa. Niliwahesabu.

(Mikwaruzo.)

BIBI HALOO: —sikii vizuri, umesema wangapi?

FUNDI SAA: Tisa!

BIBI HALOO: Mungu atusamehe.

FUNDI SAA: Kuna kitu sikumwambia hata marehemu mke wangu. Karani, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alikuja kibandani. Peke yake. Ana saa ya mkononi imesimama. Nadhani alikuja kutafuta maneno, saa ilikuwa kisingizio. Nikaifungua. Vumbi tu. Ukipuliza inatembea. Nikaifunga nikamwambia, hii haitengenezeki.

BIBI HALOO: Akasemaje?

FUNDI SAA: Ahsante, fundi. Akaenda. Sasa binti yake anaivaa.

BIBI HALOO: Binti yake... yule wa darasani? Wa dawati la mbele?

FUNDI SAA: Huyohuyo. Mkono wa kushoto. Imesimama saa kumi na dakika kumi. Mwalimu alipotuambia kila mtu alete kitu cha nyumbani chenye historia, yeye aliinua mkono. Saa ya baba yangu, haitembei, fundi alisema haitengenezeki.

BIBI HALOO: Nakumbuka. Ulitoka nje ukasema unakwenda haja.

FUNDI SAA: Kila Jumatatu ananipa shikamoo. Kila Jumatatu najifanya natazama saa. Unajua mwanzoni nilipangiwa kiti wapi?

BIBI HALOO: Mbele.

FUNDI SAA: Pembeni yake. Nikamwambia Mwalimu macho yangu hayaoni karibu, nikahamia nyuma. Sikutaka kukaa na mtoto wa msaliti. Nikaja nikakaa na—

BIBI HALOO: Sema.

FUNDI SAA: Siwezi hata kusema.

(Mlio mfupi.)

BIBI HALOO: Hii yangu imelia. Salio linaisha. Fundi, tufanye nini? Niambie, mimi nimeshindwa. Twende kwake?

FUNDI SAA: Tukaseme nini?

BIBI HALOO: Tuseme ukweli.

FUNDI SAA: Akisikia ukweli atajua baba yake alikuwa msafi. Atajua na mimi ni nani. Na wewe ni nani. Asiposikia, Jumatatu atanipa shikamoo tena.

BIBI HALOO: Ipi nzito?

FUNDI SAA: Hiyo shikamoo. Hiyo siiwezi tena.

BIBI HALOO: Basi Jumatatu utasoma. Daftari unalo, zamu ni yetu. Soma ukurasa wa kumi na nne.

FUNDI SAA: Mdomo wangu hautaweza. Tangu juzi sijafungua kibanda, nalisoma lile daftari nalifunga, nalisoma nalifunga. Nitakurudishia asubuhi kabla Mwalimu hajaingia. Utakuwa nayo yote mawili. Lipi utasoma, utajua mwenyewe.

BIBI HALOO: Lakini hatusomi ya kwetu! Mwalimu alisema mtu hajisomei—

FUNDI SAA: Mwalimu hakujua.

BIBI HALOO: Peke yangu siwezi kusimama pale. Ninavyokujua wewe, ukiwa pembeni yangu labda—

FUNDI SAA: Sitakuwa pembeni yako.

BIBI HALOO: Huji darasani?

FUNDI SAA: Nakuja. Nakaa mbele. Kile kiti kipo wazi mpaka leo, hakuna aliyekikalia. Nitaitikia shikamoo yake. Halafu nitamwomba ile saa.

BIBI HALOO: Utamwambia nini?

FUNDI SAA: Sijui. Nitapuliza vumbi. Baada ya hapo sijui.

(Mlio mfupi tena.)

BIBI HALOO: Imebaki dakika moja. Zamani nilikuwa nawaingilia watu hivi hivi, dakika tatu zimekwisha, mnaongeza? Wengine walikuwa wanalia, na mimi nakata. Fundi, una salio wewe? Nipigie basi, nikiishiwa nipigie.

FUNDI SAA: Saa yako ya ukutani ipo tayari.

BIBI HALOO: Nini?

FUNDI SAA: Ipo tayari tangu mwezi uliopita. Nilikuwa naichelewesha tu, uendelee kunipigia kuniuliza.

BIBI HALOO: Fundi wangu.

FUNDI SAA: Mtume mtu aje aichukue.

BIBI HALOO: Nitakuja mwenyewe—

FUNDI SAA: Mtume mtu, mama. Nakuomba.

BIBI HALOO: Haya. Haya, nitamtuma mtu. Lakini nijibu moja kabla haijakatika. Ukihama wewe, kule nyuma kunabaki mimi na ukuta. Nitakaa na nani? Fundi? Nitabadilishana daftari na nani? Haloo? ... Haloo?