Aliye Chini Akisema Shuka

Aliyeyasimulia maneno haya kwanza ni shangazi, dada yake fundi, majuma mawili baada ya mazishi, akiwa jikoni kwake anapepeta mchele. Yeye ndiye aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda alasiri ile fundi alipowaita watoto wake wawili: binti mkubwa, ambaye nyumbani walimwita Kindi kwa kuwa alijua kupanda kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na mdogo wake wa kiume, Polepole. Kwa miaka thelathini na minne fundi alikuwa amepanda nguzo za simu na za taa, na kukata miti iliyoegemea nyaya na mapaa ya watu. Macho yalikuwa yamemwishia, masikio bado. Mama yao alikaa dirishani. Watoto hao walikuwa hawajasemezana kwa miaka miwili, na kila mmoja aliweka kiti chake upande wake wa kitanda. Shangazi alisema fundi alizungumza hivi.

Sogezeni viti, wanangu. Hapana, Kindi, nimesikia umesogeza mguu tu, sogeza kiti. Na wewe Polepole, leo usiniulize kama nimekula, nimekula, mama yenu amenilisha uji kama mtoto na nimemaliza bakuli. Nina pumzi kidogo na nataka nizitumie kwa kusema, kwa hiyo msinikatishe mpaka niwaulize.

Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka atakapoichoka mwenyewe, na asitokee mtu wa kumuuliza kwa nini chumba cha mbele hakipangishwi. Kiti changu cha kukunja achukue shangazi yenu, maana amekikalia kuliko mimi, na hapo alipo najua anatabasamu. Hayo ni mepesi. Yaliyoninyima usingizi ni haya mama yenu aliyoyapanga hapo sakafuni juu ya turubai, nayo ni vifaa.

Kindi, vya kupandia vyote ni vyako. Kucha za chuma, zile za kufunga kwenye buti, zinoe kwa tupa na kwa mkono wako, usizipeleke kwenye mashine zikapata moto na chuma kikalegea, wala usizipandie mti ambao mwenyewe anataka uendelee kuishi, maana kila hatua unayopiga ni jeraha. Mti wa namna hiyo urushie uzi na kifuko chake cha mchanga, upitishe kamba kwenye tawi lililokomaa, upande kwa kamba hata kama mwenye nyumba amesimama barazani anatazama saa. Kamba ya bluu ni mpya, haijabeba mtu. Ile nyeupe ni ya kushushia matawi tu, isibebe hata paka. Kofia nayo ni yako, na ingawa kichwa chako ni kidogo kuliko changu, kiburi kitajaza nafasi iliyobaki. Na mkanda wangu, ambao umekuwa ukiuomba tangu ukiwa sekondari, nao ni wako. Mama yenu ameufuta leo asubuhi mpaka unang'aa. Umenizunguka kiuno miaka mingi kuliko mkono wa mtu yeyote, na mama yenu anisamehe.

Polepole, wewe sikukuachia cha kupandia, na sote humu ndani tunajua kwamba ngazi ya hatua nne inakutoa jasho. Nimecheka. Lakini leo nacheka nikikupenda, na zamani nilicheka vibaya, nami nitafika hapo. Wewe nakuachia nyundo na bisibisi ndefu. Kabla dada yako hajaweka unyayo kwenye nguzo, wewe uigonge pande zote kuanzia chini mpaka mkono wako unapofika, usikilize kama inajibu kwa sauti ya mti au kwa sauti ya debe, kisha ufukue udongo shubiri moja na kuichoma kwa bisibisi hapo, kwa sababu nguzo huanza kuoza pale inapoingia ardhini, pale ambapo hakuna anayepatazama, huku juu ikiwa imesimama kama askari. Baada ya hapo ushike kamba inayomlinda dada yako asianguke. Na mwenye kamba ndiye mkubwa wa kazi, hata kama aliye juu ni dada yake na amemzidi miaka mitano.

Najua, Kindi. Nimesikia ulivyovuta pumzi. Sasa tuseme habari za kiwanda cha mikate.

Siku ile mlikuwa mnafunga taa kwenye nguzo ya uani, na wafanyakazi walikuwa wametoka kwa mapumziko, wamekaa kwenye kreti wanakula. Polepole akasema, "Dada, shuka, sijaipenda sauti ya hii nguzo." Wewe ulikuwa umeshafika kwenye mkono wa taa, nawe ukamjibu kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima, "Nikishuka utapanda wewe?" Watu wakavunjika mbavu. Mwoka mikate mmoja akaongeza, "Mwacheni, huyo hata kitanda cha juu halali!" Ukamaliza kufunga taa, ukashuka, nguzo haikutikisika, na mpaka leo imesimama. Ndugu yako akakunja kamba, akaiweka garini, akarudi nyumbani kwa miguu, na asubuhi yake akaenda kuomba kazi kwenye duka la rangi.

Nataka nikuambie jambo ambalo hukuliona, kwa kuwa ulikuwa unatazama taa. Wakati wote wanamcheka, hakuiachia kamba. Nilimuuliza dereva wa gari lenu, akaniambia kijana alikuwa analia na ameishika kwa mikono miwili, akikulegezea shubiri kwa shubiri mpaka buti zako zikagusa chini. Na wewe, Polepole, usikunje uso. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kusikia juu ya mtoto wangu, na sikukuambia. Badala yake, jioni ile mezani, dada yako aliposimulia, mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikaweka kijiko chini. Wewe ulikuwa mlangoni na kikombe chako. Deni nililo nalo duniani ni hilo, nami nalilipa sasa mbele ya mama yako: nisamehe, baba. Nilikosa.

Nipeni maji. Taratibu. Haya.

Nilicheka kwa sababu niliogopa, na sasa nitawaambia nililoliogopa. Huu mguu wangu mfupi, mmeambiwa tangu utotoni kwamba niligongwa na pikipiki. Hakukuwa na pikipiki. Mama Kindi, kaa, usitoke, ni mimi ninayesema.

Mwaka aliozaliwa Kindi msaidizi wangu aliugua, na kazi ilikuwa haingoji, basi mama yenu akasema atakuja kunishikia kamba yeye, na mtoto akiwa mgongoni. Ilikuwa nguzo ya kona, karibu na mashine ya mbao. Niliijua kwa kuwa nilikuwepo ilipozikwa ardhini, kwa hiyo sikuigonga. Nikapanda. Nikiwa nusu nikasikia ko, ko, ko, nikatazama chini, nikamwona mama yenu ameokota nyundo, anaigonga yeye. Akasema, "Mume wangu, hebu shuka." Nikamwambia, "Nguzo hii naijua kuliko ninavyokujua wewe." Wale wapasua mbao wakacheka, na kicheko chao kikanipandisha hatua tatu zaidi. Nguzo ikakatika hapo hapo inapoingia ardhini. Nilikuwa nimejifunga nayo, kwa hiyo tulikwenda pamoja. Nyaya ziliidaka kidogo upande wa pili, la sivyo nisingekuwa na habari hii ya kuwapa. Mguu ukavunjika mara mbili. Na ingeanguka upande aliosimama mama yako, Kindi, wewe usingefikisha miezi minne.

Hospitalini nilimwomba mama yenu asimwambie mtu, akawaambia watu pikipiki. Miaka thelathini na moja ametunza pikipiki yangu ile, na hajawahi hata siku moja, hata tulipogombana sana, kuniambia "nilikwambia." Ningependa angesema mara moja tu, nikapumua.

Kwa hiyo elewa, Kindi. Kusema nguzo ya kiwanda cha mikate imesimama mpaka leo si jibu. Ndugu yako akikosea mara mia, umepoteza robo saa mara mia. Akipatia mara moja, umepata maisha yako yote yaliyobaki. Aliye juu anaona mbali na kwa hiyo anadhani anaona yote, lakini haioni miguu ya nguzo. Nimesikia kwa shangazi yako kwamba juzi aliyekushikia kamba alikuwa anaongea na simu, kamba ameikanyaga kwa kandambili. Ndiyo maana nimewaita. Sikuwaita kwa ajili ya turubai.

Na sasa nataka kusikia kazi. Kindi, simama, vaa mkanda wangu. Polepole, mkague dada yako. Usinikagulie mimi mgonjwa nifurahi. Kagua kama anayepanda sasa hivi. Kunja kila mahali utazame mipasuko, vuta kila mshono, geuza pedi za ndani, pitisha kidole kwenye pete zote.

Nasikia vifungo. Hicho ni cha kushoto. Polepole, kama jina lake. Vizuri.

Mbona kimya?

Sema kwa sauti, baba. Uzi umefanyaje? Umevutika kwa ukucha ukatoka kama unga? Uzi gani? Wa nyuma ya pete? Haiwezekani. Mkanda ule nimeushona upya mwenyewe kwa nta. Mkanda ule umenibeba miaka ishirini na sita, umenibeba kwenye upepo, umenibeba nikiwa na gunia la vyuma, wewe unayeuza rangi leo hii uniambie haupandi, mkanda ambao ulikuwepo kabla wewe hujaota meno...

Mama yenu amekohoa. Huyu hakohoi ovyo.

Ngojeni. Ngojeni kidogo. Nilipougua niliutundika wapi? Stoo. Kwenye msumari wa pembeni. Na chini ya ule msumari kuna betri ya gari. Jamani. Miaka yote nawaambia watu mkanda usilale chumba kimoja na betri, mvuke wake unaula uzi kimya kimya na juu unabaki unang'aa, halafu wangu mwenyewe nimeutundika juu yake miaka miwili, kama nyama juu ya moshi. Nami nilikuwa namvalisha mwanangu. Na nimeambiwa, nikaanza kubisha! Mmenisikia? Hata mguu huu haukunifundisha.

Kindi. Mimi nimenyamaza. Aliyesema haupandi si mimi. Unasemaje?

Usinijibu mimi.

Hicho ni kifungo. Na cha pili. Mkanda umeanguka chini, nimeusikia. Umemwambia nini ndugu yako? Rudia, sikusikia.

Mwongo mimi, nimesikia. Kasema, "Nimeshuka." Nilitaka tu kulisikia tena.

Shangazi, mpe Polepole mkasi wa bati. Ukateni hapa hapa, vipande vinne, mtu asije akauokota jalalani akaufunga kiunoni. Mnunue mkanda mpya kabla ya kazi yoyote. Polepole, Jumatatu umuage tajiri wako wa rangi kwa heshima, umpe muda wa kutafuta mtu. Kindi, umfuate wewe dukani. Siyo yeye akufuate. Wewe. Na mbele ya wateja, maana ulimwaibisha mbele ya watu.

Nipeni mikono. Huu nani? Huu una rangi kwenye kucha... huu wa Polepole. Na huu una sugu. Haya. Mungu awarudishe chini kila siku, wote wawili. Awape watoto watakaowachosha. Awape kazi, na... na masikio. Mnifunike miguu, kuna baridi. Msilie juu ya turubai, kamba zitalowa.

Mama Kindi. Njoo huku. Sogea. Sema wewe, unaonaje... niendelee?

Anasema nimeshasema vya kutosha. Anasema nilale.

Haya, mama. Nimesikia... mara hii nimesikia.

Hayo ndiyo aliyoyasema. Fundi alifariki siku ya tatu yake, kabla ya adhuhuri, na shangazi akamfuata baada ya miaka sita. Mama yupo, anaona vizuri na anapika mwenyewe. Polepole yupo, ndiye mwenye kamba. Kindi ana miaka hamsini na mmoja, bado anapanda, naye yupo.