Jasho la Mwezi wa Saba

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nasema tena, Bwana asifiwe, maana nyie wa upande wa feni mmeitika kivivu.

Wengi mnanijua kama Mama Tumaini wa kwaya, yule mwembamba. Sikuwa mwembamba. Nilipofika hapa Kiwalani kutoka Njombe nilikuwa mwanamke wa kubeba gunia la viazi kichwani na kuimba njiani. Mume wangu alikuwa amepata kazi ya ukarani kwenye ghala moja huku karibu na uwanja wa ndege, basi tukaja wote, na watoto wetu wawili: Tumaini, wa miaka sita, na Upendo, ambaye bado alikuwa ananyonya. Tulipanga chumba uani kwa Mama Salha, mama wa Kiarabu mwenye duka pale mbele, duka alilorithi kwa baba yake. Tulikuja na mablanketi manne. Chekeni tu, hata Mama Salha alicheka.

Tulifika mwezi wa kwanza, joto limepamba moto. Nikaanza kutoka jasho. Usiku shuka linalowa, godoro linalowa, asubuhi nalitoa nje nalianika ukutani. Nikimwambia mtu, ananijibu, "Ni joto la Dar, utazoea." Nikaanza kukohoa, wakasema ni vumbi, na feni inanipuliza kifuani. Nguo zikaanza kunipwaya, wakasema jiji humkausha kila mgeni. Nami niliamini. Mtu wa Njombe anajua nini kuhusu joto? Kwetu hata mwezi wa kumi na mbili tunaota moto jikoni. Mume wangu naye aliamini, maana naye alikuwa anatoka jasho. Tulikaa pale wawili tukihimizana kuzoea.

Ndugu zangu, acheni niseme upweke ulivyo. Kwetu ukiugua huhitaji kutangaza. Jirani akiona hadi saa tatu moshi hautoki jikoni kwako, anakuja na kuni zake na kuuliza kulikoni. Hapa mie napikia gesi, na mlango wangu unatazamana na ukuta. Ningeweza kulala siku nzima na mtu asijue. Na nililala. Ndege zilipita juu ya bati mpaka vikombe vinatikisika, Upendo analia, na mimi sina nguvu ya kumnyanyua. Tumaini ndiye aliyekuwa akimbembeleza. Mtoto wa miaka sita!

Hapa kanisani mliniombea. Sitasema hamkuniombea. Lakini nilikuwa narudi nyumbani vilevile, na nilianza kufikiri kwamba Mungu wa Njombe hajui mtaa ninaokaa. Naona aibu kulisema mbele ya madhabahu, ila ndivyo nilivyofikiri.

Siku moja mume wangu alirudi kutoka kazini, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Mama Tumaini, watoto wanateseka. Nimeongea na kaka, anakuja Jumamosi kuwachukua awapeleke kwa bibi yao. Ukipata nguvu utawafuata."

Aliyasema kwa upole kabisa. Afadhali angefoka. Nilimtazama nikaelewa kwamba anajua sitawafuata. Alikuwa anawaondoa watoto ili wasinione nikifa. Sikubishana naye. Nilichoomba siku zile, ndugu zangu, ni kwamba Bwana anichukue kabla ya Jumamosi, nisimwone Upendo akibebwa kwenda stendi akinililia. Sikuomba kupona. Kupona nilishakukatia tamaa.

Alhamisi asubuhi Mama Salha akapiga hodi. Nilikuwa nimemaliza kuanika godoro, nimekaa kizingitini nahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya huyu kijana wako. Watoto wa humu ndani wanamcheka, wanamwita kikojozi kwa hili godoro. Mie nina dawa yake. Mwanangu wa kwanza nilimpa hiyo hiyo, na leo ana mke na watoto."

Sikuwa nimejua. Kumbe mwanangu alikuwa anachekwa kwa sababu yangu, naye hajawahi kuniambia. Nikasema haraka, "Mama, siyo mtoto. Ni mimi. Ni jasho tu. Ni hili joto la Dar, bado sijalizoea."

Mama Salha alikuwa amevaa sweta juu ya dera lake. Akashika godoro pale ukutani, kisha akainama, akanishika shingoni kwa kiganja.

"Joto gani?" akauliza. "Mwezi wa saba huu. Sie tunalala na mashuka mawili, feni tumezima. Mie nimezaliwa hapa, joto la hapa nalijua. Hili lako silijui."

Akaniuliza nimeanza kukohoa lini. Nikamwambia tangu kabla ya Pasaka. Akamwita Salha, binti yake, akae dukani na awaangalie watoto. Akanifunga kanga yake kifuani, akanishika mkono, tukaenda zahanati polepole, tukipumzika kwenye kila baraza. Nilipewa kikopo nitemee makohozi. Majibu yalikuwa kifua kikuu.

Msidhani nilishangilia. Nililia. Nililia zaidi watoto na baba yao walipopimwa, Tumaini na baba yake wakakutwa wazima na Upendo akakutwa nacho. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkoholea mwanangu huku nikimnyonyesha. Hilo bado linaniuma, na msiniambie lisiniume. Lakini muuguzi alisema tumewahi, na kwamba dawa zipo. Mume wangu akampigia kaka yake simu, akamwambia asije.

Baadhi ya wapangaji walitaka tuhame. Mama Salha aliwaambia kwamba anayeogopa ahame yeye. Kila asubuhi aliniletea uji, akasimama mlangoni mpaka nimeze vidonge mbele yake. Yeye huswali msikitini, mimi naimba hapa, na sina shaka hata kidogo ni nani aliyemtuma.

Leo tumemaliza dawa, mimi na mwanangu. Upendo anatembea. Mimi nikipanda ngazi bado nahema, na sauti yangu ya zamani haijarudi, mnaisikia wenyewe kwenye kwaya. Lakini Jumamosi ile ilipita na watoto wangu walilala kwangu.

Namshukuru Mungu, na nawasihi mmtegemee, hata pale mnapoona hajui mtaa wenu. Na kuna mmoja wetu, amekuwa akikohoa kwenye kitenge chake kila Jumapili, akitoka nje ili tusimsikie. Sitakutaja, ndugu yangu, wala sitageuka kukutazama. Ibada ikiisha nitakuwa pale nje kwenye bomba la maji. Huna haja ya kunieleza chochote. Wewe pita tu unisalimie, kesho asubuhi nitakuja kwako, nikushike mkono, twende wote.