Bi Mwanamize na Nguzo za Mvinje

Wasikilizaji wapendwa, Bi Mwanamize Harith wa Kilelengwani hatunaye tena. Alifariki Ijumaa, akazikwa alasiri ile ile. Leo tumkumbuke kwa nyumba yake, maana aliisimamisha akiwa mjane, na aliisimamisha kwa ubishi.

Yote yalianza na chumvi. Maji ya bahari yalipanda mto, yakaingia shambani kwake, mpunga ukakauka. Kule mdomoni mwa mto mikoko iliyokuwa ikiyapunguza nguvu ilikuwa imekatwa hadi pakabaki peupe. Mwaka huohuo mchwa wakaangusha kibaraza chake. Fundi Abdulsalam akamletea nguzo za mkoko.

"Bi Mwanamize, hata wazee wetu walijengea miti hii."

"Walijengea, wakabakiza. Sisi tunamaliza. Irudishe."

Akapanda mvinje, wasikilizaji. Mti wa kupandwa, unaokua haraka. Alipanda mvinje, akasubiri. Muda wote huo mbele ya nyumba palizibwa kwa turubai, na shemeji yake Bwanamkuu hakupita bila kumcheka.

Mivinje ilipokomaa alikata michache, akapanda mingine. Nguzo zilitolewa magome, zikakaushwa kivulini, zikasimamishwa juu ya saruji ili mti usiguse udongo. Milango ikatengenezwa kwa mbao za mwarubaini wa uani, ambazo mchwa hawazipendi. Na kila mwaka, kabla ya masika, alipanda ngazi mwenyewe akapaka mafuta.

Binti yake Nuriya anasema: "Nilimwambia, mama, umri umekwenda, shuka nipake mimi. Akanijibu, 'Wewe shika ngazi.'"

Kisha mto ukafurika. Maji yakafika kibarazani. Nyumba ya Bwanamkuu ilianguka. Ya Bi Mwanamize ilisimama, na Bwanamkuu na wanawe wakakaa humo mpaka maji yalipopungua.

Siku ya kuondoka akasema, "Shemeji, naomba miche ya mvinje."

Bi Mwanamize akampa jembe kwanza.

Leo mivinje imejipanga kutoka kwake hadi kwa Bwanamkuu, na majirani wanajengea miti hiyo.

Kwa Nuriya, kwa Bwanamkuu na jamaa wote, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nawe unayetusikiliza Chara, Tarasaa au hapa Garsen, kabla hujamwita fundi, uliza miti yako inatoka wapi, na nani atapanda mingine mahali pake. Kama jibu ni wewe, msimu wa kupanda ndio huu.