Kikwembe cha Jumatatu: Maisha ya Mama Odile Bolumbu

Ndugu na majirani muliokuja kumusindikiza, Mama Odile Bolumbu alizaliwa Yanonge tarehe 14 Mei 1944, mutoto wa Papa Alphonse, muvuvi, na Mama Hélène. Alikulia mutoni, lakini akili yake ilipenda hesabu kuliko nyavu.

Alisoma kwa masista, wakati muji wetu wa Kisangani ungali unaitwa Stanleyville, akamaliza mwaka 1963. Masista walisema huyu mutoto haulizi jibu, anauliza njia.

Mwaka 1968 alipata kazi Kinshasa, katika ofisi ya mishahara iliyokuwa na ordinateur, ile kompyuta, kubwa ya kujaza chumba. Alianza kwa kutoboa kadi, mashine ikisoma matundu yake. Mwaka 1970 akapandishwa kuwa programmeuse, mutu anayeiandikia mashine kazi yake, kila kadi amri moja. Kadi zikichanganyika, kazi imekufa. Kwa hiyo walizifunga pamoja, wakapiga mustari mwekundu wa mushazari ubavuni. Mustari ukikatika, unaona kadi gani imepotea njia.

Tarehe 11 Agosti 1973 aliolewa na Papa Cyprien Amuri, mwalimu wa hapa Kisangani. Papa alimuomba aache kazi, waje huku miaka miwili tu. Katika mashua ya kuja huku, kadi zake alizotoka nazo kazini zilimwagika kati ya mbuzi na mabunda ya chikwangue, ile mikate ya muhogo. Abiria wakaziokota, yeye akazipanga kwa mustari ule. Mama mumoja akamuuliza zina faida gani tena.

"Kwa sasa hazina," akasema. "Lakini sipendi zisahau njia."

Miaka miwili ikazaa mingine. Huku ordinateur haikuwepo. Aliuza samaki wa kukauka sokoni Mangobo, na kila fungu alilipiga mustari wa makaa ubavuni. Wenzake walimuita Maman Ordinateur, wakamuuliza kama samaki wake watakimbia. Alicheka nao, akaendelea kupiga mustari.

Februari 1987 ikasikika ofisi moja ya mujini imeleta ordinateur ndogo. Mama akaenda. Chef, mukubwa wa ofisi, kijana tu, akamuambia mambo ya kadi yalishakufa.

"Chef, mutoto akibadilisha nguo, mama yake anamupoteza?"

Chef akacheka, akamuruhusu kuja kujifunza kila alasiri. Alipoiona mashine inafuata amri za Mama, akamupa kazi: aanze Jumatatu, tarehe 7 Septemba. Bon, Mama akashonesha kikwembe cha bluu cha kuvaa siku hiyo, akakitundika ukutani. Hata kwa misa hakukivaa.

Homa ilimushika tarehe 28 Agosti. Hospitalini aliuliza kitu kimoja tu, leo ni siku gani. Alifariki juzi, Jumamosi tarehe 5, asubuhi.

Jana dada yake, Tantine Marthe, alitoa kikwembe cha ndoa wamuvalishe, kama desturi yetu. Papa Cyprien akasimama, akatungua kile cha bluu.

"Hapana, Marthe. Mumuvalishe hiki. Nilimuambia miaka miwili, akangoja kumi na ine. Kesho aende kazini kwake."

Anaacha mume wake Papa Cyprien, watoto wake Édouard, Colette na Félicité, mama yake Hélène na dada yake Marthe. Kadi zake ziko nyumbani, zimefungwa, mustari haukukatika.

Apumzike kwa amani. Leo ni Jumatatu, na Mama amevaa.