Bi Hodi na Tiketi Iliyokataa Kufa

Tafadhali, wewe unayesoma ukurasa huu, usiuache juu ya meza, usiupige picha, na usimsomee mtu asiyefanya kazi hapa. Nakuomba kwa heshima zote. Sababu ni mbili. Ya kwanza, anayesifiwa humu hajui kwamba tunamuaga. Ameambiwa kuwa Ijumaa saa nne asubuhi kuna kikao kuhusu nywila, na tayari ana orodha ya watu watatu anaotaka kuwasema. Ya pili ni nzito zaidi. Ziko taasisi nyingine zenye seva kama yetu ambazo bado hazijaziba tundu ninalolisimulia hapa. Sisi tumeziba. Mpaka nao wamalize, neno lisivuke geti. Mkuu wa utumishi ameusoma ukurasa huu mara mbili kabla ya kuruhusu uchapishwe. Mimi nimeusoma mara tisa.

Bi Hodi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya kuitumikia hospitali yetu na zahanati zake nane kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Alianza akiwa mtunza mafaili wa masjala, na fungu lake la funguo lilisikika kabla yeye mwenyewe hajatokea. Jina lake alilipata huko huko masjala. Hajawahi kuingia chumba bila kupiga hodi, hata chake mwenyewe, hata mlango ukiwa wazi. Waliomcheka walijibiwa kwa upole: "Mlango kuwa wazi si ruhusa."

Kompyuta zilipoletwa, alikuwa na miaka arobaini na kitu. Alijifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kuuliza bila haya. Wakati huo kila mfumo ulikuwa na nywila yake: wa maabara, wa dawa, wa mafaili, wa mishahara. Daktari mmoja wa watoto aliandika nywila zake tisa kwenye kalenda ya ukutani, kila moja chini ya mwezi wake. Muuguzi mmoja akauliza kikaoni, "Kwani sisi tuna vichwa vingapi?" Watu walicheka, lakini Bi Hodi hakucheka. Mwaka uliofuata alisimamia kusimikwa kwa seva tunayoiita Lango.

Kwa wageni miongoni mwetu: asubuhi unaandika nywila yako mara moja tu, na Lango linakupa tiketi. Tiketi ina jina lako na saa ya kuisha kwake. Baada ya hapo mifumo yote inasoma tiketi hiyo, haikuulizi tena. Ni raha kubwa. Ni hatari kubwa vilevile, maana Lango likidanganywa, yote yaliyo nyuma yake yamedanganywa. Ndiyo maana Bi Hodi amelilinda kama mtu anayelea mtoto mgonjwa. Mumewe, mwalimu aliyetangulia kustaafu, hulalamika kwamba ana mume mwenza wa chuma, "tena anayeugua kila mwezi."

Kuna walioona ulinzi huo kuwa usumbufu. Miaka sita iliyopita Mkurugenzi alikataa kusimamisha huduma kwa saa mbili ili Lango litiwe kiraka, yaani marekebisho ya programu yanayoziba tundu. Linafanya kazi, alisema, ya nini kuligusa? Bi Hodi aliomba dakika tano. Mbele ya macho yake, kwenye kompyuta ya masjala, aliingia kwenye mfumo kwa jina la Mkurugenzi bila kuijua nywila yake, akapitisha ombi la kiti kipya kwa ajili yake mwenyewe.

"Hicho kiti nimekikubali mimi?" Mkurugenzi akauliza.

"Umekikubali, bosi, tena bila kusoma."

Saa mbili zikapatikana. Ombi la kiti alilifuta mwenyewe papo hapo. Kiti chake ni kile kile cha zamani, chenye mguu mmoja uliofungwa utepe.

Mezani kwake kuna daftari gumu la jalada jekundu. Kila badiliko linalofanywa kwenye Lango huandikwa humo kwa mkono: tarehe, saa, nani, nini, na kwa nini. Kosa nalo huandikwa humo, na huandikwa na aliyelitenda. Sheria yake ni moja: hakuna anayefokewa kwa alichokiandika. Sheria hiyo niliijua tangu wiki yangu ya kwanza. Kuijua na kuitumia ni mambo mawili.

Mwezi huu, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili za kazi, watengenezaji wa seva walituma onyo. Mtu aliyenakili tiketi ya mwenzake kwenye kompyuta ya pamoja angeweza kuitumia hata baada ya mwenyewe kutoka kwenye mfumo. Yaani mtu yeyote angeweza kuagiza dawa kali kwa jina la daktari aliyekwisha kwenda nyumbani. Mkuu wa utumishi alimwambia Bi Hodi aende likizo yake iliyobaki, vijana watamalizia. Alijibu kwamba mtu hakabidhi nyumba ambayo ukuta wake una tundu.

Alianza siku hiyo hiyo. Alizunguka zahanati zote nane na maabara kuu, mashine moja baada ya nyingine. Yeye haamini kiraka asichokichokoza. Akishakitia, hugeuka mwizi: hunakili tiketi yake, hutoka, kisha hujaribu kurudi kwa ile nakala. Zahanati zote nane zilimkataa. Kila alipokataliwa alisema "Ahsante" kwa sauti, kama mtu aliyekaribishwa.

Maabara kuu ilimpokea.

Alikitoa kiraka, akakitia upya. Ikampokea. Aliwapigia watengenezaji, wakamwambia kiraka ni kizima. Kwa siku nne alisoma mipangilio ya mashine ya maabara mstari kwa mstari, na miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Siku zilizobaki zilikuwa tano. Jibu halikuwa maabara. Lilikuwa kwenye Lango lenyewe, na kosa lilikuwa langu mimi, karani wake.

Wiki tatu kabla ya onyo, saa ya kompyuta ya maabara ilikuwa imebaki nyuma kwa dakika nne. Tiketi mpya zilionekana kule kama za wakati ambao haujafika, zikakataliwa. Mkuu wa maabara alinipigia: "Karani, foleni imefika mlangoni na damu ziko mezani, fungua!" Bi Hodi alikuwa zahanati. Nilitafuta kisanduku kinachoambia Lango livumilie tofauti ya saa kwa maabara. Nilitaka dakika tano, nikaandika mia tatu, nikidhani kinahesabu sekunde. Kinahesabu dakika. Nilikuwa nimewapa maabara uvumilivu wa saa tano, na ndani ya saa hizo tano tiketi iliyokufa ilihesabiwa kuwa hai. Foleni ikatembea, mkuu wa maabara akanishukuru, nami nikaona jambo dogo hilo halistahili mstari kwenye daftari.

Nililitambua siku ya nne, wakati wa chakula cha mchana, nilipokuwa nikisoma mwongozo ili nisaidie. Sikula tena. Muda wangu wa majaribio ulikuwa unaisha mwezi huu huu, na fomu ya tathmini yangu ilikuwa kwenye droo ya Bi Hodi, haijajazwa. Nilifikiria kurekebisha kimyakimya. Ningeandika tarakimu moja tu, na angejaribu tena akakataliwa, akafurahi. Lakini angestaafu akiwa hajui kwa nini, na hakuna ambaye angechunguza ni nani aliyepita katika zile wiki.

Nikasimama mlangoni kwake.

"Hodi."

"Nani?"

Ananijua kwa hatua zangu, lakini huuliza kila siku. Nikataja jina, kisha nikasema yote kwa pumzi moja. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Siku nne, mwanangu," alisema. "Nimeshaanza kumtukana mtengenezaji na mama yake." Akasukuma daftari kuelekea kwangu. "Andika."

Niliandika tarehe, kisha kalamu ikasimama. Alipoona hivyo, alilifungua ukurasa wa kwanza kabisa. Mwandiko ni wake, wa miaka mingi iliyopita: alisahau kuhuisha cheti cha Lango, ile hati ya kidijitali inayolithibitisha kwa mifumo mingine, na hospitali nzima, akiwemo Mkurugenzi, ikafungiwa nje kwa saa mbili. Sababu aliyoiandika: "Nilijiamini." Nami nikaandika yangu.

Tulirekebisha saa ya maabara, tukarudisha uvumilivu kuwa dakika mbili, akachokoza tena. Akakataliwa. "Ahsante," akasema. Nilidhani tumemaliza, kumbe kwake ndipo kazi ilipoanzia. Tulisoma kumbukumbu zote za wiki zile, mistari elfu moja mia moja arobaini na sita, tukitafuta tiketi iliyotumika baada ya mwenyewe kutoka. Tulipata mbili. Zote zilikuwa za fundi mmoja wa maabara. Bi Hodi hakuridhika na simu. Alikwenda, akapiga hodi, akamuuliza uso kwa uso. Fundi alikuwa ametoka kwenye mfumo, akakumbuka majibu ya mgonjwa, akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, na kompyuta ikamruhusu. Alishangaa, ila hakuwa amemwambia mtu. Sasa mstari wake nao umo daftarini.

Siku iliyofuata fomu yangu ilijazwa. Mkuu wa utumishi ameniruhusu kunukuu: "Amekosea. Amesema mwenyewe. Amerekebisha. Apewe Lango."

Bi Hodi, umetufungulia mengi kwa kujua la kufunga. Tunakushukuru kwa kila "nani?" uliyotuuliza tukakukunjia uso. Tunakutakia afya, usingizi usiokatizwa na simu ya hitilafu, na mwalimu wako nyumbani asiye na mume mwenza tena. Kile kiti kipya kinakusubiri ukumbini, na safari hii Mkurugenzi amesoma kabla ya kukubali.

Kuanzia Jumatatu, mwenye tatizo la kuingia anitafute mimi. Chumba namba tisa, ghorofa ya chini, baada ya masjala, au simu ya ndani moja nne saba, saa mbili asubuhi hadi kumi jioni. Usinitumie nywila yako kwa njia yoyote. Ukiona kompyuta inakuruhusu jambo ambalo haikupaswa, usipige simu. Njoo mwenyewe, hasa kama kosa ni lako. Daftari liko mezani, na mwandiko wangu uko ukurasa wa mia na kumi na mbili kwa atakayetaka kuanzia hapo. Mlango utakuwa wazi. Piga hodi hata hivyo. Nitakuuliza u nani, hata kama sauti naijua.