Mwalimu Aliyesahihisha Hata Kitandani: Wasifu wa Marehemu Mama Yetu

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu, alizaliwa tarehe 4 Machi 1949 katika nyumba za nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili wa fundi cherehani. Alisoma shule ya ng'ambo ya reli, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1970.

Alifundisha Kiswahili hadi alipostaafu mwaka 2004. Chaki mkononi, ngeli mdomoni. Ukimlilia kwamba "kitabu yangu imepotea," alikujibu, "Kiache kipotee mpaka kiwe 'changu', si 'yangu'." Mimi, kitinda mimba wake, nilikosea kuliko wote, ndiyo maana akanibandika jina la Bwana Ngeli.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa treni. Baba husema mpaka leo kwamba alisahihishwa siku ileile aliyoposa.

Mwaka 2016 mshipa mkuu wa damu utokao moyoni uligundulika umevimba, pale penye tao linalogawa damu ya kichwani. Daktari mpasuaji hakutuficha: mwili ungepozwa sana, mzunguko wa damu usimamishwe, na ubongo pekee upelekewe damu ya baridi kwa mrija wake. Mama akacheka. "Kumbe wengine watafunga, kichwa kitakula!" Kisha akamshika daktari mkono. "Mwanangu, kufa siogopi. Naogopa kuamka nisiwajue hawa, na maneno yote yamenitoka. Nilindieni kichwa."

Upasuaji ulikwisha salama. Lakini alipotolewa mrija wa kupumulia alitukodolea macho tu, kimya. Baba alitoka nje, akalia. Nami kwa hofu nikaropoka, "Mama, kichwa yako iko sawa?"

Midomo yake ikatikisika. "Kichwa chako kiko sawa," akanong'ona. "We Bwana Ngeli, utaniua wewe, si mshipa." Jamani, tulicheka huku tunalia, na muuguzi naye akalia.

Mungu alituongezea miaka minane naye. Nimonia ilimchukua asubuhi ya tarehe 12 Juni 2024, akiwa nyumbani, akituita kila mtu kwa jina lake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na wanafunzi ambao hata yeye hakuwahi kuwahesabu. Wasifu huu nimeuandika mimi, na kwa mara ya kwanza hakuna wa kunisahihisha.

Lala kwa amani, Mwalimu. Kichwa chako kilikuwa sawa.