Marehemu Vũ Thị Nhài na Chupa Zinazofanana

Marehemu Vũ Thị Nhài alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Minh Khai, mkoa wa Hưng Yên. Wazazi wake walizunguka vijijini wakinunua manyoya ya bata. Alisoma hadi darasa la saba. Alipenda hesabu, ila mtoto mwingine akisifiwa darasani, Nhài alirudi nyumbani amenuna.

Mwaka 1989 aliolewa na Bwana Đoàn Văn Khuê, wakajaliwa Quyên na Toản. Kijiji kilipoacha manyoya na kugeukia plastiki, nyumba yao ilijaa marobota ya plastiki chakavu hadi mlangoni. Ili kuitenganisha, plastiki hutiwa bwawani: mifuko na madumu huelea, chupa za maji huzama. Hapo hakuna taabu. Taabu ni chupa za plastiki ile inayotengenezewa mabomba, zinazong'aa kama za maji na kuzama pamoja nazo. Chache tu zikiingia kwenye mashine ya kuyeyushia, mzigo mzima huungua, na mnunuzi wa chembe za plastiki zinazotoka humo harudi. Kwa hiyo hukatwa kipande, kikachomwa, moshi ukanuswa: wa mabomba ni mkali, huwasha pua. Nhài ndiye aliyekuwa mnusaji wa nyumba.

Mwaka 1994 akaja Thoa, mke wa shemeji yake. Kipande cha ukubwa wa ukucha kilimtosha, na jibu alilitoa moshi haujapanda.

"Huyu mtoto ana pua ya mbwa wa polisi," mama mkwe alisema, akicheka.

Nhài aliingiwa na kijiba cha roho ambacho hakikumtoka. Katika kila karamu ya kuwakumbuka mababu alimpakulia Thoa shingo ya kuku, pande lisilo na nyama. Thoa aliila hadi mfupa.

Miaka ya moshi iliua pua ya Nhài. Akaficha. Aliendelea kunusa na kutikisa kichwa, mpaka siku aliporudi mapema kutoka sokoni akamkuta Thoa akichambua upya kikapu ambacho yeye Nhài alikwisha kukinusa.

"Umeanza lini?"

"Mwaka juzi, dada."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesemaje, na wewe ukiniona tu unanuna?"

"Bora ungeniacha niaibike. Sasa hata kwa wema umenizidi."

Mapafu yalimlaza hospitali ya mkoa mwezi Juni 2023. Huko alimwambia Quyên, "Kwenye wasifu wangu andikeni kwamba Thoa ana pua kali kunishinda."

"Si umwambie mwenyewe, mama? Yuko hapo nje na uji wako."

"Siwezi kumwona akifurahi. Neno hilo lisomwe udongo ukishanifunika."

Alifariki tarehe 9 Septemba 2023, Thoa akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na Thoa. Udongo umeshamfunika, kwa hiyo tunasema kama alivyoagiza: Thoa, pua yako ilimshinda Nhài. Dada yetu na alale kwa amani.